Kipira cha Nne

Nyumbani, chumba cha nyuma
Alhamisi, tarehe 14, saa tisa alasiri

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekuachia japo kidogo baada ya zile zamu za kuinua wazee. Huku hatujambo. Mama anakohoa lakini anasema ni vumbi tu. Mimi pia ni mzima, ukiliacha goti la kushoto.

Jana Mama alinisomea ujumbe wako: kwamba wenzako wote kazini wameiona picha yangu na medali, na kwamba mtoto uliyembeba mgongoni leo anasomesha watoto wa watu. Nikasema naenda kuanua nguo. Nilikaa nyuma ya mashuka mpaka Mama akaja kuuliza kama naanua nguo za mtaa mzima.

Shangazi, mbio zile sikuzimaliza.

Zilikuwa Jumamosi iliyopita, raundi nne za kuzunguka mji, kilomita ishirini na moja zote pamoja. Katikati ya kila raundi kuna meza. Ukipita unavishwa kipira mkononi. Ukiwa na vinne, umemaliza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliahidi kwamba kila mwanafunzi wa shule yetu atakayemaliza, yeye atamlipia mtoto mmoja ada ya mwaka mzima. Usipomaliza, hakuna. Mtoto wangu mimi alikuwa binti wa fundi cherehani, jirani yetu. Ana miaka tisa, na tangu mwaka jana anashinda kibandani kwa baba yake akikata nyuzi.

Mezani alikaa mwalimu wa hesabu. Wa hesabu, Shangazi! Raundi ya pili akanivisha vipira viwili vilivyogandana. Niliviona palepale. Lakini nyuma yangu kulikuwa na kundi zima, na wewe unanijua: mimi ndiye niliyeshinda na kijiwe kiatuni siku ya harusi ya kaka, kwa kuogopa kuinama mbele ya watu. Nikajiambia kile cha ziada nitakirudisha raundi ijayo. Sikukirudisha.

Mwisho wa raundi ya tatu njia inagawanyika: kulia unaendelea, kushoto ni utepe wa kumalizia. Goti lilikuwa linawaka. Msimamizi pale alikuwa kinyozi wetu, naye siku hizi ananiita jina lile la shuleni. Akanishika mkono, akahesabu.

"Vinne! Kushoto, Kimya, kushoto! Nenda basi, au unataka kubebwa?"

Nikaenda kushoto. Ningeweza kukwambia ni aibu, ni kelele, ni kipaza sauti. Yote hayo yalikuwepo. Lakini nilijua. Nilijua, na nilifurahi kwamba basi, imekwisha.

Baadaye nilijaza fomu ya shule kwa lugha ya darasani, sentensi zimenyooka kama rula: nimekimbia umbali wote. Kwa lugha ile ilikuwa rahisi, kama najibu mtihani. Kwa hii ninayokuandikia, nimeshachana karatasi tatu.

Jumatatu yule binti akaja kwetu na sare mpya. Akazunguka mbele yangu sketi ipepee.

"Dada Kimya, mwalimu kasema nikae mbele, maana mimi mfupi!"

Nikamnyoosha kola, nikarudi ndani. Nikinyamaza, anasoma kwa uongo wangu. Nikisema, anarudi kukata nyuzi, na kosa si lake. Nimeligeuza hili kila upande, Shangazi, na kila upande lina mwiba.

Saa kumi na mbili jioni

Niliacha kuandika hapo juu nikaenda dukani kabla sijabadili mawazo. Mwenye duka alikuwa anapima nondo. Nikasimama kando ya saruji mpaka wateja watatu wakaja wakaondoka.

"Binti, umekuja kununua au kulinda mifuko yangu?"

Nikamwambia yote, nikamwekea na medali juu ya mfuko wa saruji. Akaikunja futi yake taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mzee."

"Si ungenyamaza tu?"

"Nimejaribu, mzee."

Akaniangalia sana. "Mimi sikuahidi raundi tatu," akasema. Halafu akasema Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, atatoa kiti chake nje ya duka. Nikimbie raundi zote nne, si ile moja niliyobakiza. Nikimaliza, mtoto anabaki shuleni. Nikishindwa, Jumatatu haendi. Na kwa fundi niende mwenyewe, nikaseme kwa mdomo wangu.

Nikaenda moja kwa moja, maana ningepita nyumbani nisingetoka tena. Fundi alisimamisha cherehani, akasikiliza hadi mwisho.

"Goti hilo litakufikisha?"

Nikasema sijui.

Binti yake alikuwa chini, anafunika daftari kwa gazeti. Aliendelea kukunja pembe zake, moja baada ya nyingine, polepole sana.

Mama nitamwambia leo tukishakula. Najua atasema goti kwanza, na mimi nitabisha, jambo ambalo hajawahi kuliona kwangu.

Wenzako waambie kwamba ile medali nimeirudisha. Ukiona haya kuwaambia, wasomee hii.

Nisalimie sana Baba Mapacha, na mapacha wenyewe, na yule jirani yako mpishi anayekuchekesha. Kaka na mkewe wanakusalimu. Bibi anasema kula. Mungu akupe zamu nyepesi na akurudishe kwetu salama.

Barua hii ikikufikia, Jumamosi itakuwa imeshapita, na utakuwa umeshasikia. Lakini leo ninapoandika bado sijui, kwa hiyo niombee hivyohivyo, hata kwa kuchelewa. Omba miguu tu. Kusema nimeshasema.

Mwanao akupendaye,
Kimya