Trei Sita za Mama Zuu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, nisamehe. Tangu nijifungue Salma sijakuandikia, na sasa ana meno mawili. Uchovu tu.

Nimerudi kazini, kliniki ya mifugo ya Dokta Anna, hapa Kinyerezi. Nafagia, naandika vyeti vya dawa, yeye anagonga muhuri. Salma analala kwenye boksi la vifaranga. Jumamosi madaktari wa wanyama wanachagua wajumbe wa Baraza lao. Dokta anagombea. Naomba apite. Sijaona mwingine anayemzalisha mbuzi alfajiri, halafu ndiye anayemshukuru mwenye mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekosea. Jumatatu kuku wa Mama Zuu walipewa dawa. Mayai yasiliwe siku saba. Mie nikaandika tatu. Salma alikuwa analia, nikachanganya na dawa nyingine. Leo Mama Zuu kapita kushukuru. Trei sita kashawapa wauza chipsi wa Mabibo.

Nikamwambia Dokta hapo hapo.

Hakunigombeza. Kavaa koti lake jeupe, tukaenda, Salma mgongoni. Banda kwa banda. Kijana mmoja wa chipsi akamtania: "Dokta, kuku wamekushinda, umehamia kwenye zege la chipsi na mayai?" Watu wakacheka. Naye akacheka, akaendelea kukusanya mayai. Yote tumeyapata isipokuwa nusu trei. Imeshaliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna mtu kampiga picha na trei. Imo kwenye grupu la madaktari. Chini wameandika eti aanze kwanza kuitawala kliniki yake.

Nikamwambia awaandikie ukweli, jina langu aliweke.

"Muhuri wa nani?" akauliza.

Wako, nikasema.

"Basi."

Nilikasirika. Mie si mtoto, kosa langu nalibeba mwenyewe. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema nilibebe kwa kuandika vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikaa nje ya mlango wa ukumbi wa uchaguzi, namnyonyesha Salma. Nilisikia kila kitu. Wagombea wenzake wamejisifia vyeo. Yeye kasimulia mayai. Toka mwanzo, hata ile nusu trei. Mtu akauliza cheti kile kaandika nani.

"Kimegongwa muhuri na mimi, bila kukisoma."

Uso ukaniwaka.

Kapita. Kwa kura chache, lakini kapita. Nimelia, aibu na furaha pamoja.

Jumatatu, 17 Machi

Dokta yuko Dodoma, kikao cha kwanza. Daktari wa Segerea anamshikia zamu mchana. Kumetulia. Mama Zuu kaleta mayai yetu ya kula. Kasubiri zile siku saba, kazidisha moja.

Dokta kapiga simu, kasema nimwandikie anitumie nini. Nimeandika: Chanjo ya kuku ya kideri, chupa mbili. Glovu ndogo, boksi moja. Kitabu kipya cha vyeti. Na karatasi ya siku za kusubiri za kila dawa, kwa mwandiko wake, herufi kubwa. Niibandike juu ya boksi la Salma.