Nta Iliyopotea Sufuriani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Kigwa tu wazima, na ng'ombe wa mjomba wako kazaa. Umeuliza barafu ikiyeyuka inakwenda wapi.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nilikabidhiwa masega ya nyuki ya wanakijiji wote, niyachemshe tupate nta. Kufunua sufuria, naona maji ya manjano tu! Nikaepua, nikajificha ghalani. Shangazi yangu alinikuta nalia.

"Shangazi, nta ya watu nimeipoteza."

"Mwoga wewe! Imeshapoa, njoo uone."

Nta ilikuwa imeganda juu ya maji, ngumu kama sahani. Niliigonga kwa kidole, ikalia.

Barafu yako haijaenda kokote, mama. Yarudishe maji hayo kwenye friza, usubiri bila kulia.

Bibi yako