Marais Wawili wa Mahira

Shela, Malindi

Kwa mwanangu Mahira,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu, naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua ungeanza nayo. U hali gani na baridi ya huko Ayalandi? Wagonjwa wako hospitalini wanakuonea huruma japo kidogo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Goti la kulia linalalamika nikisimama sana penye sufuria ya halwa, lakini moto nauwasha mwenyewe bado. Shangazi yako Mastura anakusalimu sana.

Najua umepiga simu mara nyingi na sikupokea. Usidhani nimeugua, wala simu haikuharibika. Nilikuwa nikiitazama ikilia juu ya meza mpaka inyamaze. Mwisho nimeona bora nikuandikie, kwani kwenye karatasi sauti ya mtu haisikiki ikitetemeka.

Tangu mama yako atangulie mbele ya haki, mimi na wewe hatuna mazungumzo ila ya marais. Nadhani sote wawili tuliogopa kumtaja yeye, tukaona tuwataje wao. Ulianza wewe, uliponambia kuwa rais wa huko hatawali. Anakaa nyumba nzuri, anatia saini sheria, anapokea wageni, anawapa mkono waliofiwa; serikali yenyewe inaendeshwa na waziri mkuu. Nikakuuliza, sasa kazi yake ni nini? Ukacheka, ukasema kazi yake ni kuwa wa watu wote. Nami nikakujibu kuwa rais asiyeweza kukupa hata barabara ni kama imamu asiyesalisha. Ukanambia, "Baba, huku barabara haitolewi, hujengwa."

Neno lile lilinikaa kooni, ila sikukubali kushindwa. Nilikwambia wetu angalau anaombeka. Akija, mashimo hufukiwa, mifereji hutoa maji, na mnyonge hupata pa kupeleka kilio chake. Ukaniuliza, na asipokuja? Nikajifanya mtandao umekatika.

Basi mwezi uliopita zikavuma habari kuwa rais anakuja Malindi, na atasimama mtaani kwetu akielekea Magarini. Mtaa ulifagiliwa mpaka mbuzi wakakosa cha kuokota. Mimi nikaagizwa halwa ya wageni. Kamati ya mapokezi ikamtuma binti mmoja wa bara, jina lake Zipporah, atukusanye wazee uwanja wa madrasa, kila mmoja aseme neno atakalotaka lifikishwe kwa rais. Ni binti wa rika lako. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, ingawa Kiswahili chake kilikuwa kikijikwaa.

Mzee Amjad, jirani yetu, akasema maji. Mwengine akataka hatimiliki za mashamba ya Jilore. Mwengine soko la samaki lenye paa. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kusema kuwa sukari imepanda na sisi wapika halwa tunaumia. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mwanangu hayupo."

Wazee wakaangua kicheko, wakidhani nafanya mzaha. Amjad akanambia, "Ah, Seif, hilo nalo umpelekee rais?" Zipporah hakucheka. Aliniuliza polepole uko wapi, nami nikamweleza. Wenzangu walipotawanyika alibaki, nikampa halwa na kikombe cha kahawa. Akanambia kuwa baba yake naye humpigia simu kumuuliza habari za siasa tu, hata siku moja hamuulizi kama amekula. Nikamwambia, huenda ndilo swali lenyewe hilo, mwanangu, ila halijui pa kutokea. Akainama, akamaliza kahawa yake.

Siku ya ziara rais hakusimama. Ving'ora vililia, magari meusi yakapita mbio, watu wakavipungia mikono vioo visivyoonyesha ndani, kisha likabaki vumbi. Halwa niliwagawia watoto wa madrasa. Mifereji ilikauka siku ile ile. Nikasema moyoni, leo nitampigia Mahira nimkubalie kuwa kanishinda, naye atacheka.

Simu yangu haikuwa na salio. Nikaenda kwa binamu yako Afiya aninunulie. Alipoifungua simu yake, picha ilikuwa pale pale juu: wewe, umo katika ukumbi mkubwa uliojaa watu, umejitanda ule mtandio wa zafarani wa mama yako, mkononi umeshika kibendera cha Ayalandi, unacheka. Afiya akaigeuza simu haraka. Nikamwambia airudishe. Ndipo akanieleza kuwa umekula kiapo, umeshakuwa raia wa huko tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba ulimsihi asinambie.

Mahira, kiapo hakikuniudhi. Sheria yetu inakuruhusu kuwa wa pande mbili, na wewe unawauguza wazee wa watu wale. Una haki ya kuwachagulia rais. Kilichoniuma ni kuwa ulicheka vile na mimi sina habari. Tena Afiya aliponitajia siku yenyewe, nikakumbuka kuwa jioni yake ulinipigia, tukabishana kama kawaida yetu. Furaha yote ile ulikuwa nayo mdomoni, ukaimeza. Ni mzee wa namna gani mimi, hata mwanangu aniogope kwa jambo la heri?

Na mimi pia nimekuficha. Kila ukiniuliza hukwambia nyumba imejaa watu. Hakuna mtu, mwanangu. Sufuria kubwa nimeifunika, kwa sababu hutaka wakorogaji wawili, na wa pili alikuwa mama yako. Hata halwa ya wageni niliipika kidogo kidogo kwa ile ndogo. Chakula chengine nakila nimesimama. Redio naiacha ikisema tangu alasiri, wala siisikilizi.

Sikuombi urudi. Ningekuomba hivyo ningekuwa nakudhulumu. Lakini habari ile nimeipata kwa mwengine, na mimi naitaka kwako. Nipigie Ijumaa baada ya swala. Nieleze ukumbi ulikuwaje, nani alikaa ubavuni mwako, mlikula nini mlipotoka, na kama ulimkumbuka mama yako ulipojitanda mtandio wake. Safari hii tumtaje. Nitapokea.

Wape salamu wenzako wa kazini, hata wasionijua. Vaa vizuri, ule, ulale. Radhi zangu unazo, za jana na za leo, huko uliko na popote utakapokuwa. Mola akuhifadhi.

Ni mimi baba yako,
Seif Aboud