Baba, Mazungumzo ya Nyumbani

Kavata, uko? Nimetoka kutetea thesis saa hii. Nimejifungia choo ya library.

Unakumbuka ile sura ya mitaro za Mutomo, zenye kikundi ya mwethya, ile ya kazi ya pamoja kijijini, ilichimba 1979? Yote niliambiwa na baba mkwe. Na unajua vizuri kwa mila yetu mke wa mtoto wake siwezi taja jina lake. Kwa hivyo kwa marejeo nikaandika "Baba, mazungumzo ya nyumbani". Akili nyingi kabisa.

Dr. Waithaka wa panel akaisoma kwa sauti. "Baba. Baba ya nani, madam?"

Nikajifanya natafuta ukurasa.

"Chanzo bila jina ni porojo. Sema jina."

Sema jina, Kavata. Na mwenye jina ameketi nyuma na kofia yake ya kanisa, amekuja kunishangilia.

Mzee akasimama. Nikajua nimeokolewa.

"Huyo Baba ni mimi. Lakini ameandika wanawake ndio walichimba yote. Hiyo sikusema. Nilisema sisi wanaume tulisimamia."

Panel yote ikaandika hiyo.

Sasa natakiwa kuweka jina lenye siwezi taja na kurekebisha maneno yenye hakusema. Na chanzo changu kiko hapo nje, kinangoja nikinunulie chai.