Mjomba, Hukuuliza Tenga Lilikuwa na Ngapi

Mjomba,

Shikamoo yako nimeizuia kwa leo. Najua mpwa hamwandikii mjomba wake hivi, na kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Lakini neno lako ndilo lililonifikisha hapa.

Unalikumbuka soko la Mkuyuni? Nilikuwa darasa la nne. Wewe ulibeba tenga la nyanya zilizopigwa dawa ya ukungu, mimi kikapu cha zile chache za nyuma ya jiko ambazo dawa haikuzifikia. Tulipofika nikazichambua mbovu. Za tenga zilijaza ungo, za kikapu zilijaza bakuli tu. Nikaruka: "Mjomba, dawa yako ndiyo inayoozesha!"

Ulicheka mpaka wenye meza za jirani wakageuka. Kisha ukanishika sikio taratibu. "Usihesabu mbovu tu, we mtoto. Kwanza uliza kila chombo kilikuwa na ngapi." Tukatazama. Tenga lilikuwa bado limejaa nyanya nzima. Kikapuni zilibaki nne. Ulininunulia maandazi mawili kwa kuelewa upesi, na nilikupenda sana siku ile.

Basi nieleze, ulipotujia wakati wa korona na daftari lako, kalamu sikioni kama karani wa mnada, hesabu ile uliiacha wapi? Uliandika majina ya wagonjwa wote wa kijiji, ukamsomea mama uani: "Dada, jionee mwenyewe. Wengi wanaoumwa ni hao hao waliochanjwa."

Kweli, walikuwa wengi. Karibu wazee wote wa kijiji walikuwa wamechanjwa, mjomba! Waliokataa hawakuzidi vidole vya mikono, na karibu wote waliugua. Hilo hukulisoma. Ulijua, ukajitia hamnazo, kisa muuguzi wa chanjo alipita nyumba kwa nyumba bila kupiga hodi kwako kwanza.

Mama alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda zahanati. Akavivua. "Mjomba wako ameshasema," akaniambia, akarudi kwenye bustani yake ya kabichi.

Wiki chache baadaye tulimshusha kwa machela hadi barabarani, akiitafuta pumzi. Hakurudi. Msibani ukasimama kusema siku zake zilikuwa zimefika, na hata arobaini hukuingoja, ukahamia Turiani kwenye mpunga wako.

Sisemi chanjo ingemwokoa kwa hakika. Jirani yetu alichanjwa na tukamzika vilevile. Hata tenga lina mbovu zake. Nasema ulimtoa mama kwenye tenga ukamtia kikapuni, na wewe ndiye uliyenifundisha tofauti yake. Mjinga ningemsamehe. Wewe nakuchukia, na ninaona aibu kwamba bado nakumbuka maandazi yako.

Juzi ulipiga simu. Hukuuliza hata mwanangu anaendeleaje hapa Bigwa, wala kama ameota jino. Ulisema tu: "Huyo mtoto asichomwe sindano ya surua mpaka nije. Huku wengi walioumwa walikuwa wamechanjwa."

Nikakuuliza, "Na ambao hawakuchanjwa wako wangapi huko, mjomba?"

Ukanijibu, "Usinifundishe kazi." Ukakata simu.

Sikukufundisha, nilikurudishia chako. Mama alikutii, akafa. Mimi nimebaki na mtoto wa miezi tisa, na neno lako juu yake limekoma.

Asubuhi hii nimempeleka zahanati. Nilivaa viatu vile vile vya mama. Vinanibana kidogo, lakini vimefika alikokuwa akienda. Mtoto alilia, akanyonya, akalala. Ukija na daftari lako, mwandike kwenye tenga.

Kwaheri, mjomba.

Mimi,
mtoto wa dada yako