Waridi Lililosahauliwa Chumvini

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na ni matumaini yangu zinakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto. Sisi huku tupo, tunapumua. Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, maana tunashona mapazia ya hoteli nzima na fundi mkuu hataki kulisikia neno mapumziko. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu unasema uko kazini, utanipigia baadaye. Barua huwezi kuikata. Jambo lenyewe ni la Baba, lile lile la siku zote: anakuhitaji, nawe huji. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Baba bado yuko wodini, kitanda cha dirishani. Mionzi ilipokwisha, uvimbe wa kooni ulipungua, lakini naye alipungua nao. Alikuwa hali kitu. Mgonjwa haulizwi uji, nasi hatukumuuliza, tulimpelekea tu. Yeye akaufunika kwa kisahani na kutuuliza habari za mvua. Shangazi alijaribu supu, akajaribu maziwa, mwisho akajaribu kumgombeza. Wapi!

Sasa, nyuma ya karakana yetu kuna uchochoro ambao nilikuwa siupiti kwa kumwogopa mbwa. Siku moja mbwa alikuwa amefungwa, nikapita, nikakuta kiduka chenye trei za vitamutamu vya rangi ambazo sijapata kuziona mahali pa kuliwa. Mwenyewe ni mama mmoja mnene, mkali kidogo, mtaani wanamwita Mama Maua. Nilimuuliza kama ile nyekundu ni ya stroberi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo, akasema dukani kwake hakuna matunda, kuna maua tu. Nikacheka nikidhani ananitania. Basi akanitia mdomoni kipande cha jeli ya waridi.

Kaka, nikueleze vipi? Kwanza niliona sukari, kama kawaida. Halafu harufu ikapanda puani kwa njia ya ndani, na nikajikuta nimefumba macho katikati ya duka la watu. Akanionjesha peremende ya yasmini, ambayo mwanzoni unadhani umelamba sabuni na kwamba umeingizwa mkenge, kisha inalainika na hutaki iishe. Sharubati ya rosela, yale maua mekundu yenye uchachu, ilinikunja uso kwa ukali. Asali aliyolowekea maua ya mchungwa sikuiwezea maneno, niliomba nirudie. Maua anayapanda mwenyewe kwenye makopo juu ya paa, kwa sababu yale ya wauza maua hupigwa dawa ya wadudu. Kila petali ya waridi huikata kile kitako cheupe, maana ndicho chenye uchungu. Ya akiba huyapanga mtungini, tabaka la maua, tabaka la chumvi, yasioze. Siku ya kuyapika huyaosha kwa maji mengi mpaka chumvi yote itoke.

Jioni ile nilimpelekea Baba jeli. Unamjua mzee wako: umri wake wote alikuwa mtunza bustani ya manispaa, na kibao cha USICHUME MAUA alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, na sisi wanawe ndio tuliokuwa wa kwanza kuchapwa kwa ajili yake. Nilipomwambia anakula waridi alicheka mpaka nesi akaja kutazama. Akasema amewafukuza mbuzi bustanini maisha yake yote, kumbe wao ndio waliokuwa na akili. Akala kipande chote! Kisha akaniuliza lilikuwa waridi la rangi gani na lilichumwa wakati gani, na nilipomjibu akatoa hukumu: nimwambie huyo mama kwamba jua lilikuwa limeshapanda, utamu umemkimbia.

Mama Maua aliposikia alifura. Akaniagiza nimwambie mzee wangu ashike koleo lake, sufuria amwachie yeye. Lakini asubuhi iliyofuata alichuma alfajiri, nilijua kwa sababu alijisifu. Basi mimi nikawa tarishi baina ya watu wawili wasioonana, kila nikitoka kazini napeleka kitamu na kurudisha matusi. Baba alianza kunyoa ndevu kabla sijafika. Akawa anakaa kitako badala ya kulala, na uji nao akauonea huruma, akawa anaunywa. Nilimwambia shangazi kwamba tumempata mzee wetu. Shangazi akapiga vigelegele pale pale koridoni, akanyamazishwa.

Wiki iliyopita mvua ilipiga makopo ya paani na maua yote yakapukutika. Mama Maua akachukua yale ya mtungini. Duka lilikuwa limejaa watu, bila shaka ndipo aliposahau kuyaosha, naye hakuonja. Mimi nikabeba kibakuli changu bila kujua. Baba alikula taratibu, akafumba macho, akasema leo ndiyo leo, huyo mama amepatia hatimaye. Hili ni waridi la umande, asibadilishe kitu. Nilifurahi mno, nikatoka na kibakuli, na kwa uroho wangu nikalamba kijiko.

Ilikuwa chumvi tupu, Kaka. Niliitema kwenye leso. Mtu mzima na afya yake asingemeza hata nusu kijiko, na Baba alikuwa amekimaliza kibakuli, na koo lake lile lenye vidonda. Lazima ilimchoma. Hata hakukunja uso.

Nikamfuata nesi. Alinishika bega, akasema alidhani nimeshagundua mwenyewe. Mionzi iliuua ulimi wa Baba tangu mwanzo. Hasikii tamu, hasikii chungu, hata harufu haisikii. Yale yote aliyokuwa akiyasema aliyatoa kwenye ujuzi wake wa bustani na kwenye majibu yangu mwenyewe. Aliwaomba wasituambie. Nesi alipomuuliza kwa nini ajitese kumeza vitu asivyovionja, alimjibu kwamba akisema ukweli mimi nitakosa cha kumletea, na mtoto asiye na cha kuleta huona haya kuja. Kisha akasema kwamba wa namna hiyo anaye mmoja tayari, hataki awe na wawili.

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Nilimlilia yeye, na sehemu nyingine, sitakuficha, ilikuwa hasira juu yako. Sijamwambia kwamba ninajua. Kesho yake nilimpelekea peremende ya yasmini, akaisifu, nikamshukuru. Ndivyo tunavyoishi.

Ulimwambia shangazi kwamba utakuja mambo yako yakikaa sawa, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Ni kweli haulambwi. Lakini Baba hana tena ulimi wa kulambia chochote, na ukimletea shamba zima la waridi au debe la chumvi, kwake ni mamoja. Alichobakiwa nacho ni kushika. Nikimpa mkono huvibana vidole vyangu na haviachii mpaka kengele ya kutuondoa wageni ilie. Jana daktari alimwita shangazi pembeni, akamwambia tuwaite walio mbali. Hakusema ni lini, na hatukuthubutu kumuuliza. Njoo na mikono yako hiyo hiyo mitupu, Kaka. Ndiyo anayoingoja.

Shangazi anakusalimu sana, anasema miguu yake imevimba lakini mdomo mzima. Mama Maua naye anakusalimu bila kukujua. Habari ya chumvi sijamwambia. Kila nikifika huniuliza mzee alisemaje kuhusu lile waridi, nami namjibu kwamba alilisifu, jambo ambalo si uongo. Nibusie watoto, na wifi mwambie gauni lake liko tayari, ninalo hapa limekunjwa. Salamu za Baba sikuletei, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Zifuate mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere