Suti ya Kuzikwa

Jumatatu, 4 Machi 1974

Baba Nafula,

Nimeshona matundu ya vifungo kwenye suruali ya mwalimu wa Chakol. Uliiacha haijaisha. Nikaipiga pasi. Ndipo nikakumbuka uko mochari, nikakaa chini.

Mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani alikuja. Nisihangaike na nguo ya kukuzika, alisema. Sheria yao ni moja: fundi akifa, wenzake humshonea suti. Naijua. Kila mwenzako aliyekufa hapa Busia, wewe ulimshonea mikono ya koti. Ulikuwa unaimba polepole ukishona.

Jumatano, 6 Machi

Hawajaanza. Wote wanashona mashati ya kumpokea mgeni mkubwa wa kutoka Nairobi. Nilienda kwa mwenyekiti asubuhi, nikarudi tena mchana. Anasema chama hakijasahau. Nimechoshwa na neno hilo, chama.

Ijumaa, 8 Machi

Wameileta. Kitambaa cha kijivu, kola nzuri, mifuko imenyooka. Nikaigeuza. Haina mgongo. Koti ni mbele tu, suruali mbele tu. Nyuma wameweka kamba za kufungia.

Nikauliza. Mwenyekiti akanijibu, "Mama Nafula, mtu amelala chali. Nani atauona mgongo?"

Mweka hazina akadakia, "Labda mchwa. Na mchwa hawarudishi nguo kwa fundi."

Wakacheka. Watu waliokula ugali wangu. 

Walipoondoka nikakata gauni langu la buluu, lile ulilonishonea Nafula alipozaliwa. Limetosha mgongo wa koti, limetosha na suruali. Mshono umepinda kidogo begani. Utanisamehe. 

Jumamosi, 9 Machi

Tumekuzika nyumbani, Sigalame. Umevaa nguo nzima.

Mwenyekiti alisema maneno mengi kumshinda mhubiri. Chama hakimtupi mwanachama. Chama humfikisha mwanachama kaburini. Alikuwa amevaa kizibao kipya cha kijivu. Kitambaa kilekile. Nilikitazama mpaka akafunga koti lake, vifungo vyote, na jua lile.   Sikutaka uzikwe kwa kelele.

Jumatano, 20 Machi

Wananiita mkutanoni nikawashukuru mbele ya wanachama. Nimekataa. Aliyetumwa aliniambia nina kiburi. Sawa.

Jioni alikuja mke wa yule fundi wa Malaba. Mumewe anaumwa kifua, sasa hainuki kitandani. Mama huyo alizunguka sana kwa maneno. Akauliza habari za mahindi, akauliza habari za Nafula. Alipomaliza kikombe akasema, akitazama chini, "Dada, siku ikifika, utamshonea mgongo?"

Nikamwambia nitamshonea. Nikamwongeza chai. Mvua ilipoisha nikamsindikiza hadi njiani.

Baba Nafula, huko uliko, unikumbuke.